Kuendesha baiskeli ya mlimani kwenye njia ya waenda kwa miguu, ustaarabu wake ukoje?

PedaliTaratibu:

Habari zenu wakuu. Nina jambo limenikaa kichwani wiki nzima nimeona nililete hapa maana najua kuna wazoefu. Jumamosi nilikuwa nashuka mlimani na baiskeli, njia yenyewe ni kijia cha watu wanaotembea kwa miguu, wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu ndo wapishane, upande mmoja ukuta wa udongo upande wa pili mteremko wenye vichaka. Hakuna kibao kinachokataza baiskeli na wenzangu huwa wanapita hapo. Nilikuwa spidi ya kawaida tu sikimbizani na mtu, nikafika kwenye kona moja hivi ambayo huoni mbele, kutokeza tu hao hapo, bibi mmoja na mjukuu wake wa kama miaka sita, wanaelekea kule kule ninakoenda mimi yaani wamenipa mgongo. Nikapiga kengele. Wakashtuka, mtoto akarukia kulia bibi akaenda kushoto, alafu mtoto kuona yuko peke yake akakata tena njia kumfuata bibi yake, na hapo mi nimeshashika breki zote tairi la nyuma linaburuzika kwenye changarawe. Nilikuja kusimama imebaki kama mita moja nimfikie yule mtoto.

Hakuna aliyeumia. Nilishuka nikaomba radhi nikamwokotea bibi fimbo yake. Hakunifokea hata kidogo na hilo ndo linaniuma zaidi, mikono ilikuwa inamtetemeka, akasema tu "mwanangu, sikukusikia kabisa". Wakakaa pembeni kwenye jiwe, mi nikaondoka nakokota baiskeli, sikuweza hata kupanda.

Sasa najiuliza nilikosea wapi. Kengele nilipiga, spidi kwa hesabu zangu haikuwa kubwa, breki zangu ni za diski na ni nzima. Kengele inatakiwa ipigwe ukiwa mbali kiasi gani? Na hivi nani anampisha nani, anayeshuka au anayepanda, mwenye baiskeli au wa miguu? Au hizi njia tusipite kabisa? Naomba mniambie ukweli hata kama unauma, napenda sana hii kitu na sitaki kuwa yule mtu anayefanya watu waogope kutoka na wajukuu wao.

MteremkoMrefu:

Mkuu kwanza pole, na umefanya vizuri kusimama, wengi wangepiga kelele "samahani" huku wanaishia zao.

Twende kwenye hesabu maana unasema spidi haikuwa kubwa. Tuchukue kilomita 20 kwa saa, kwa mteremko hiyo ni spidi ambayo huwezi hata kuihisi. Hapo unakula mita tano na nusu kila sekunde. Toka jicho lione mpaka vidole vikaze breki, sekunde moja imeenda, kwahiyo mita tano zimeisha na bado hujaanza kupunguza hata kidogo. Alafu ndo breki zinaanza kushika, na kwenye changarawe inayoteremka hazishiki kama lami. Sasa kona yako ilikuwa inakuonyesha mita ngapi mbele? Kumi? Basi jibu lako lipo hapo, kosa lilifanyika kabla hujafika kwenye kona, kengele ulikuja kuipiga wakati mambo yameshaharibika.

Kanuni ninayoenda nayo mimi, na nimeendesha miaka mingi, ni kwamba uwe na spidi ambayo unaweza kusimama ndani ya NUSU ya njia unayoiona mbele. Nasema nusu maana huenda kuna mwenzako naye anakuja na baiskeli toka upande wa pili, yeye anahitaji nusu yake. Kama kona inakuonyesha mita nane basi wewe una mita nne, na kwa mita nne hiyo ni spidi ya mtu anayetembea. Ndio ilivyo. Ukiona inakera, ujue hiyo kona sio ya kufurahia spidi, spidi utaipata pale njia inapofunguka na unaona mpaka kule chini.

Kule California kwenye mlima Tamalpais, ambako huu mchezo ulikulia miaka ya 1970, ugomvi wa waendeshaji na watembeaji ulifika mbali mpaka ikabidi iwekwe spidi ya mwisho kwenye zile barabara za vumbi, maili 15 kwa saa yaani kama kilomita 24, na kwenye kona usizoona mbele maili 5, kilomita 8 hivi. Na zile ni barabara pana gari la zimamoto linapita. Sasa wewe ulikuwa kwenye kijia cha watu kupishana ubavu.

Kengele: piga mapema, mita 30 au 40, mara moja au mbili kwa upole, alafu PUNGUZA palepale. Watu wengi wanapiga kengele huku wanaendelea na spidi ileile, wanaichukulia kama honi ya gari, toka njiani nipite. Kengele kazi yake ni kusema mtu yupo nyuma yenu basi. Baada ya hapo unatumia mdomo, unasalimia, unangoja wageuke wakuone, unangoja wakae upande mmoja wote. Hiyo ya kutawanyika uliyoiona inatokea karibu kila mara watu wakishtuliwa kwa nyuma, kila mmoja anakimbilia upande alio karibu nao, na mtoto lazima amfuate mkubwa wake hata kama ni kukatiza mbele yako. Ukiona mtoto au mbwa chukulia tayari ameshakatiza.

Ukishapita usisahau kusema mko wangapi. "Nyuma yangu wapo wawili". Maana mtu akishakupisha anarudi katikati ya njia akijua yameisha, ndo hapo mwenzako wa pili anamkuta.

Kuhusu nani ampishe nani, baiskeli kwa baiskeli anayeshuka anampisha anayepanda, kwasababu ukimsimamisha anayepanda kuanza tena kwenye mwinuko ni shughuli. Ila baiskeli na mtu wa miguu hakuna cha kupanda wala kushuka, wewe mwenye baiskeli ndo unapisha. Hata IMBA, kile chama cha kimataifa cha baiskeli za mlimani kilichoanzishwa 1988, kanuni zao zinasema hivyo hivyo, na hao ni watetezi wa waendeshaji sio watembeaji.

NyayoMbili:

Mimi ni mtembeaji, baiskeli niliacha nikiwa shule. Nimesoma nikaona niongee kwa niaba ya yule bibi maana hayupo hapa.

Mdogo wangu, sikio langu la kushoto halisikii kabisa na la kulia linasikia nusu. Ukinitazama kwa nyuma huwezi kujua, natembea vizuri tu nina afya yangu. Kwahiyo unapiga kengele, mimi sigeuki, wewe unawaza huyu mama ana kiburi amesikia hataki kupisha, unapiga tena kwa hasira, alafu unapita ubavuni kwangu kwa nguvu kunionyesha. Imenitokea mara nyingi sana. Na hata nikiisikia kengele, kwa sikio moja sijui sauti imetoka wapi! Binadamu anajua sauti inatoka upande gani kwa kutumia masikio mawili, mimi nikisikia ngliing nasimama palepale kama mti maana naogopa nikisogea ndo nitasogea kwenye tairi.

Nyinyi mnasahau kwamba mnatuona sisi sekunde nyingi kabla sisi hatujawaona. Kwako wewe ilikuwa kitu kilichokuja taratibu, umeona mtu, umepiga kengele, umepanga utapitia wapi. Kwangu mimi hakuna chochote, kuna ndege wanaimba na mawazo yangu, alafu ghafla kuna chuma begani. Wewe umepita kwa nusu mita unajua kabisa hutanigusa, mimi sijui hilo, na moyo unakaa unadunda robo saa nzima na matembezi yameharibika. Nina shoga yangu aliacha kuja kabisa baada ya siku moja ya namna hiyo, na hakuguswa hata na upepo wa mtu, aliogopa tu basi.

Ninachoomba mimi ni kimoja. Usinipite mpaka nimegeuka nimekuangalia usoni. Kama sijageuka, shuka weka mguu chini, niite, ukiona bado tembea na baiskeli yako mpaka uwe karibu unisalimie. Unapoteza dakika moja. Wapo wanaofanya hivyo na nawaombea dua njia nzima.

Na kwa haki nisiwasingizie, kuna sisi watembeaji tuna makosa. Kuna wanaoziba masikio yote mawili na hedifoni, kuna wanaotembea wanne sambamba kama wako kwenye harusi, kuna wenye mbwa hawana kamba. Hao nao waambiwe.

KumbukaSheria:

Nitakuwa tofauti kidogo. Wote mnaongelea NAMNA ya kupita, mi naona swali la mwisho la mkuu ndo lilitakiwa liwe la kwanza, je unaruhusiwa kuwa pale? Kutokuwepo kibao sio ruhusa. Kama njia imetengenezwa kwa miguu na ina upana wa mtu mmoja, adabu ya kwanza ni kuiacha.

Angalieni wenzetu walivyolichukulia kwa uzito. Uingereza kwa upande wa England na Wales njia za umma zimegawanywa, kuna za miguu na kuna za farasi. Sheria ya mwaka 1968 iliwapa waendesha baiskeli haki ya kupita zile za farasi, na ikaweka sharti hapohapo kwamba wawapishe waenda kwa miguu na wapanda farasi. Zile za miguu hawakupewa, ukipita bila ruhusa unakuwa umeingia ardhi ya mtu, kwa kawaida sio jinai ila mwenye ardhi anaweza kukudai. Austria sheria yao ya misitu ya 1975 inamruhusu kila mtu kuingia msituni kwa miguu kujiburudisha, ila kwa baiskeli lazima kuwe na kibali cha mwenye msitu. Ujerumani kule Baden-Württemberg wana kitu wanaita kanuni ya mita mbili, kijia cha msituni chembamba kuliko mita mbili baiskeli hairuhusiwi. Marekani yale maeneo ya pori tengefu chini ya sheria ya 1964 hayaruhusu baiskeli kabisa.

Kwahiyo mkuu ulizia wenye hiyo ardhi au wanaoisimamia. Wakisema hapana basi hapana, tafuta njia nyingine, na wenzako kupita sio hoja.

MteremkoMrefu:

KumbukaSheria sikupingi kwenye kuulizia, hilo ni sahihi kabisa na nilitakiwa nilianze mimi. Ila umechagua nchi za upande mmoja. Scotland ni mlango wa pili tu toka hapo England, na sheria yao ya ardhi ya 2003 inampa kila mtu haki ya kupita karibu kila mahali, wa miguu, wa farasi, wa baiskeli, sharti ni kwamba uitumie hiyo haki kwa uwajibikaji. Hawakupima mita. Walimwachia mtu aangalie hali ilivyo na ajibu kwa alichofanya.

Na kuna njia ya katikati ambayo mi naipenda kuliko zote, kugawana muda. Mlima Snowdon kule Wales, Yr Wyddfa kwa lugha yao, kuna njia za farasi zinazofika kileleni ambazo baiskeli wana haki nazo kisheria. Lakini mlima unajaa watu kiangazi mpaka foleni. Wakakubaliana kwa hiari kwamba toka tarehe 1 Mei hadi 30 Septemba, kati ya saa 4 asubuhi na saa 11 jioni, baiskeli zisiwepo kwenye zile njia. Haki wanayo na wanaiweka pembeni kwa masaa hayo. Sasa New Zealand kule Heaphy, njia ya kama kilomita 78 watu wanatembea siku nne tano, baiskeli wamepewa kuanzia 1 Mei hadi 30 Novemba, na miezi ya jua ambapo watembeaji wanajaa ni yao peke yao. Mwenye baiskeli anapata njia tupu na mtembeaji anapata amani.

Mkuu hata kama kwako hakuna aliyepanga hivyo unaweza kujipangia mwenyewe. Jumamosi mchana kila mtu yuko pale na wajukuu. Nenda alfajiri, nenda katikati ya wiki.

FundiNjia:

Nimekuja kwa lile tairi la nyuma lililoburuzika, maana mi najitolea kutengeneza njia, jembe na toroli, na kila nikisikia neno kuburuza naumia mgongo.

Tairi likifungwa na likaburuzwa linachora mfereji mdogo katikati ya njia, upana wa vidole vitatu. Hauonekani ni kitu. Mvua ikinyesha, maji ambayo yalikuwa yanavuka njia na kumwagika upande wa bondeni yanakutana na ule mfereji yanaufuata, yanapata kasi, yanachimba. Mvua ya pili mfereji umekuwa wa kiganja. Msimu ukiisha una korongo, mawe na mizizi vyote nje, na yule bibi mwenye fimbo hawezi kupita tena. Hapo watu wanahama wanakanyaga pembeni, njia inakuwa mbili, tatu, majani yanakufa. Haya yote yameanza na mtu mmoja aliyechelewa kushika breki kwenye kona, alafu wa pili akafuata alama yake.

Sisemi baiskeli ni mbaya kuliko miguu. Kuna waliopima huko Marekani wakaona kwato na miguu ya watu inalegeza udongo mwingi kuliko matairi yanayozunguka tu. Tatizo ni tairi LISILOZUNGUKA, na tairi kwenye matope. Kama unapita na nyuma yako unaacha alama ya tairi inayodumbukia, njia imelowa sana, rudi nyumbani ukauke kidogo na yenyewe ikauke. Na dimbwi likiwa katikati, pita katikati, chafuka, au shuka ubebe. Usilizunguke. Kila anayezunguka dimbwi anaongeza upana wa njia nusu mita na kesho dimbwi limekuwa kubwa zaidi.

Alafu kufunga tairi la nyuma hakukusimamishi haraka mkuu. Ukishika breki uzito wote unaenda mbele, tairi la nyuma linakuwa jepesi linateleza tu, kazi kubwa ya kusimama anaifanya wa mbele. Watu wanaogopa breki ya mbele kwasababu waliwahi kurushwa, ila walirushwa kwasababu waliikamata kwa pupa wamekaa wima kwenye siti. Simama kwenye pedali, miguu usawa, makalio nyuma ya siti, visigino chini, alafu kaza ya mbele polepole kama unakamua chungwa, ya nyuma unaigusa tu. Maliza kupunguza njia ikiwa bado imenyooka, ingia kwenye kona ukiwa tayari mpole. Jifunzie kwenye uwanja wa wazi mpaka mikono izoee, maana ukikutana na mtoto hupati muda wa kukumbuka somo.

MleziWaFarasi:

Naongeza moja fupi. Mkikutana na farasi kengele isahau kabisa, ONGEA. Farasi ni mnyama wa kuwindwa, kitu kinachokuja kimya kwa nyuma kimejikunja kichwa chini, kwake ni kitu cha kumla. Ukiongea anajua ni mtu. Simama upande wa chini wa mteremko sio wa juu, maana akishtuka huwa anakimbia mbali na wewe na ni afadhali akimbilie juu kuliko korongoni. Usijifiche kwenye kichaka ukidhani unampisha, akigundua kichaka kinahema ndo balaa. Na muulize aliyepanda akwambie upite lini, yeye ndo anamjua mnyama wake.

PedaliTaratibu:

Wakuu asanteni sana, dada NyayoMbili maneno yako nimeyasoma mara mbili mbili.

Nimefanya kitu jana. Nimerudi ile njia kwa miguu, bila baiskeli, na rafiki yangu nikamwambia aje na ya kwake nyuma yangu kwa spidi ile ile ninayoita ya kawaida, mi nitembee kama sijui. Nilijua anakuja kabisa. Na bado pale kwenye kona sikumsikia mpaka alipokuwa nyuma yangu hatua nne tano, ule ukuta wa udongo unameza sauti yote, na nilishtuka mpaka nikashika kichaka. Tukabadilishana na yeye ikawa hivyo hivyo. Alafu tukapima toka kona inapofunguka mpaka pale walipokuwa wamefika bibi na mjukuu, ni mita tisa. Na alama ya tairi langu bado ipo pale, ndefu kama mtu amelala, nimeifukia na kuishindilia kwa kiatu nikaweka na mawe mawili ya kugeuza maji kama nilivyoelewa kwa FundiNjia, sijui kama nimepatia.

Nimeulizia pia. Njia iko chini ya watu wanaotunza ule msitu, wamesema baiskeli hazijakatazwa ila siku za mapumziko wangependa tusiwepo kabla ya jioni. Nimewaambia na wenzangu, wawili wamekubali mmoja bado anabisha. Kona yenyewe nimeamua nitakuwa nashuka nakokota, ni kama hatua ishirini tu.

Swali la mwisho. Nimeona kuna zile kengele zinazolia zenyewe, unafunga kwenye usukani inacheza kila baiskeli ikitikisika. Zinasaidia au ni kelele?

MteremkoMrefu:

Zinasaidia, chukua ile yenye kitufe cha kuizima. Washa unapoingia sehemu zenye kona na miti, zima njia ikifunguka au ukisimama na watu, maana mtu amekuja kusikiliza msitu sio kengele yako saa nzima. Ila usiitegemee kwa watu kama NyayoMbili, bado utatakiwa upunguze na ungoje akuangalie.

Huyo mwenzenu anayebisha mpeleke pale kwenye kona atembee kwa miguu, wewe uje na baiskeli nyuma yake.

FundiNjia:

Mawe mawili uliyoweka, hakikisha hayajakaa kama ngazi katikati ya njia mtu atajikwaa. Yalaze mshazari, yaelekee bondeni, na usawa wa udongo. Mvua ya kwanza ikinyesha nenda ukaangalie maji yanapita wapi.